Jibini ya Mtakatifu Lupario

Ukitaka kuingia kanisa dogo la Mtakatifu Lupario kule Collesorbo, utakuta mlango umefungwa, na juu ya kitasa kuna kibao kilichoandikwa kwa rangi ya mafuta: UFUNGUO UKO KWA ONORINA. Kibao hakisemi Onorina ni nani wala anakaa wapi. Haja hiyo haipo. Simama pale ukizubaa kwa muda wa kupiga chafya mbili tu, dirisha la nyumba ya jirani litafunguka na sauti itashuka: "Mmekuja kuona jibini?"

Ndivyo alivyokuwa akiuliza tangu aliporithi ufunguo kwa mama yake. Hakusema picha, wala hakusema mtakatifu. Alisema jibini. Kisha alishuka ngazi akijifuta mikono kwenye aproni, ufunguo wa chuma mrefu kuliko kiganja chake ukigongagonga pajani, na tochi mkononi, kwa sababu umeme wa kanisani una hasira zake na huwezi kuutegemea.

Na ndani, ukuta wa kushoto, kweli ilikuwepo. Mtakatifu Lupario amesimama na joho jekundu lililofifia, macho makubwa kama ya mtu aliyeamshwa ghafla, na kifuani amekumbatia jibini nzima ya duara, ya njano, iliyoiva, inayong'aa. Wageni walikuwa wakisogea karibu, wananusa, halafu wanatazamana kwa haya, kila mmoja akidhani pua yake inamdanganya. Haikuwadanganya. Picha ile ilinuka jibini, jibini ya kondoo hasa, ile inayobaki vidoleni hata ukinawa.

"Huyu alikuwa mchungaji," Onorina aliwaambia. "Mwaka wa njaa mbwamwitu walimaliza kondoo wote, akabaki mmoja tu, jike kilema. Lupario akamkamua, akapata maziwa ya kujaza kiganja, akagandisha jibini. Akaikata, ikarudi nzima. Akaikata tena, ikarudi nzima. Kijiji kikala mpaka theluji ikayeyuka." Kisha aliongeza, "Kwa hiyo msituletee hapa jibini ya dukani."

Wageni walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Onorina Di Sipio alizaliwa katika nyumba hiyo hiyo yenye dirisha, na isipokuwa muda mfupi hakuwahi kulala mbali nayo. Akiwa msichana alipelekwa Roma kufanya kazi za ndani kwa wakili mmoja. Huko aliona maji yana ladha ya misumari, na watu wanapishana kwenye ngazi bila hata salamu. Mama yake alipoanguka na kuvunjika nyonga, Onorina alirudi kumwuguza, na siri yake, aliyoitoa baadaye sana, ni kwamba alilia ndani ya basi kwa furaha, akaona aibu ya furaha hiyo, akalia zaidi. Akaolewa na Remo, aliyekuwa akitengeneza barabara za bondeni. Wakapata binti mmoja, Nives. Remo alikufa. Nives alikwenda Torino, akapata kazi, mume, watoto, na sababu nyingi za kutokuja. Krismasi haji, Pasaka haji. Siku moja tu kwa mwaka haikosi: sikukuu ya Lupario.

Na si Nives peke yake. Collesorbo ni kijiji ambacho ukipiga kelele mwezi wa pili unajibiwa na mlima. Nyumba nyingi zimefunga madirisha. Mnara wetu hauna kichwa. Tetemeko liliuchukua zamani za mababu na hakuna aliyedai urudishwe. Ile njia pana ya majani, ambayo wanaume walikuwa wakishukia na kondoo kwenda tambarare za joto za Puglia kila vuli, sasa inapita nguruwe mwitu. Wakati ule wanaume wakishuka, kijiji kilibaki cha wanawake mpaka kondoo warudi, ndiyo maana ufunguo wa kanisa hushikwa na mwanamke, na hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Ila siku ya Lupario, mwezi wa tano, kabla kondoo hawajapelekwa malisho ya juu, madirisha yote hufunguka. Watu hutoka Roma, Torino, hata Ubelgiji. Magari yanapangwa mpaka makaburini.

Wanakuja kugusisha jibini. Kila familia inaleta jibini ya kwanza ya mwaka, inaingia kanisani, inaibana kwenye ile jibini ya ukutani kwa muda wa Salamu Maria moja, halafu inatoka nayo uwanjani, inakatwa, na kila mtu anakula ya kila mtu. Jibini isiyogusa, wazee walisema, inaleta mkosi: maziwa ya mwaka huo hayagandi. Zamani foleni ilifika chemchemini. Siku hizi mwenye kondoo amebaki mmoja, Quintino, mdogo wake Onorina, na hao wa Torino na Ubelgiji wananunua jibini kwake siku moja kabla, ili nao wawe na kitu cha kugusisha. Quintino anawauzia akinung'unika kwamba hawajui hata kuishika, wanaibeba kama mtoto wa jirani.

Basi. Mwaka mmoja ukutani ulitokea ufa, ofisi ya mambo ya kale ikapata habari, na baada ya majira ya baridi akaja fundi wa picha kuukuu, mwanamke wa kaskazini aitwaye Tosca Bergamin. Alikuwa na nywele fupi kama za mwanajeshi na taa ya kufunga kwenye paji la uso. Alisimamisha jukwaa la mabomba, akapanda, akaanza kuugongagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama daktari anayepima kifua.

Onorina alimpenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu Tosca alikula kila alichopewa. Asubuhi alimpelekea kahawa na vibiskuti vyembamba vya kuchoma kwenye chuma, mchana supu ya dengu. Walipiga soga, mmoja juu ya jukwaa, mmoja chini kwenye benchi akimenya kitunguu saumu.

"Mama Onorina," Tosca aliuliza siku moja bila kugeuka, "hivi huu ukuta unanukaje jibini?"

"Ni kwa sababu tunaigusisha."

"Mnagusisha nini?"

"Jibini. Kwenye jibini. Kila mwaka." Onorina alieleza yote, kwa fahari, mpaka na jinsi ya kuibana kidogo ili baraka ishike.

Tosca aligeuka polepole. Taa ya kichwani ikammulika Onorina usoni. "Mnaibana? Kwenye picha?"

"Sasa tuibane wapi, mwanangu, kwenye paa?"

Tosca hakucheka. Siku mbili tatu alifanya kazi kimya, hata kahawa ilipoa. Halafu alasiri moja akaita, "Mama, unaweza kupanda?"

Onorina alipanda, aproni ikinasa kwenye mabomba. Pembeni ya ile jibini ya njano, Tosca alikuwa amesafisha kidirisha kidogo kama stempu ya barua, kwa dawa na kijiti chenye pamba. Ndani ya kidirisha hapakuwa na njano. Palikuwa na kijivu, kijivu baridi, chenye vidoadoa. Na katikati ya jibini alikuwa amesafisha kidirisha kingine. Hicho kilikuwa cheusi kabisa.

"Hili ni tundu," Tosca alisema kwa sauti ya chini, kama wako kwa mgonjwa. "Na hii kijivu ni jiwe. Ni jiwe la kusagia, mama. Lina tundu katikati. Nadhani walimfunga nalo shingoni wakamtosa mtoni. Watakatifu wengi walikufa hivyo."

"Mto gani? Hapa hakuna mto."

"Labda ni kwingine."

"Mchungaji wetu atoswe kwingine?"

"Sijui kama alikuwa mchungaji. Nisikudanganye. Ninachokijua mimi ni jiwe tu."

Onorina aliitazama njano ile iliyobaki, iliyozunguka vile vidirisha viwili kama yai. "Na hii njano? Mchoraji aliipaka ya nini?"

"Mchoraji hakupaka njano hapa." Tosca alizima taa ya kichwa. "Hii njano ni nyinyi. Mafuta ya jibini zenu, na moshi wa mishumaa juu yake. Miaka mia tatu, pengine mia nne. Mmeichora wenyewe."

Hebu fikiria kusikia jambo kama hilo! Onorina alishuka, akavuka kichochoro, akawapa kuku chakula ambacho alikuwa ameshawapa. Kuku walishangaa lakini hawakukataa.

Jioni alikwenda kwa Quintino, kwenye banda lake la kugandishia, chini kidogo ya kijiji. Alimkuta mikono imezama mpaka viwiko kwenye sufuria kubwa, akiyakusanya maziwa yaliyoganda. Mtu akiwa katika hali hiyo huwezi kumpa mkono, na Quintino alipenda hivyo, kwa sababu alikuwa hapendi kupeana mikono. Onorina alimweleza.

Quintino hakutoa mikono. "Nani kasema?"

"Tosca."

"Yule anayekula jibini ya kwenye nailoni huko kwao? Huyo ndiye wa kuniambia jibini ni ipi?"

"Nimeona kwa macho yangu, Quintino. Kuna tundu."

"Tundu hata jibini inalo."

"Si katikati. Si la kupita mkono."

Alikamua bonge la maziwa, maji yakachuruzika. "Sikiliza, dada. Ufunguo ni wako. Usimpe. Aifunge mizigo yake arudi akapanguse picha za kwao. Akiifuta ile jibini, mimi sileti yangu. Na nisipoleta mimi, nani ataleta? Derna jirani yako na kuku wake? Watu watatoka Ubelgiji kuja kutazama jiwe la kusagia? Mawe ya kusagia tunayo, lile pale limelala kwenye nyasi, hakuna aliyewahi kupanda basi kuja kulibusu."

Hilo ndilo lililomwuma Onorina, kwa sababu lilikuwa kweli. Bila Quintino hakuna jibini, bila jibini hakuna sikukuu, na bila sikukuu Nives angekuja kufanya nini?

Asubuhi yake, Tosca alipobisha kuchukua ufunguo, Onorina alitokeza kichwa dirishani. "Kitasa kimekwama."

"Kimekwama vipi?"

"Kimekwama. Vitasa vya zamani vina mambo. Itabidi kungoja."

"Kungoja nini, mama?"

Onorina hakuwa amefika huko katika uongo wake. "Joto," alisema. "Chuma kinataka joto."

Tosca aliutazama mlango, akalitazama dirisha. Angeweza kupiga simu ofisini kwao. Badala yake alikaa kwenye ngazi ya kanisa, akanyoosha miguu juani, akafumba macho. Jua la asubuhi liliuchoma mlango mpaka kitasa kikawa hakishikiki kwa moto, na bado hakikufunguka.

Bibi Derna, jirani wa upande wa pili, aliyekuwa mkubwa kwa Onorina na mwenye ulimi mrefu kuliko njia ya Puglia, alipita na ndoo yake. "Je, fundi, umegeuka paka leo?"

"Kitasa kimekwama, bibi."

"Kimekwama!" Derna alipaza sauti kuelekea dirishani. "Kitasa ambacho Onorina anakipaka mafuta kuliko anavyopaka mkate! Mwenzangu, umekwama wewe au kitasa?"

Dirisha lilifungwa.

Lakini ilipofika mchana, Onorina hakuweza. Mtu anaweza kusema uongo, ila kumwacha mgeni na njaa mlangoni mwake ni jambo lingine. Alitoka na mabakuli mawili ya dengu na mkate, akaketi naye kwenye ngazi. Walikula. Mjusi alitoka ufa mmoja wa jiwe akaingia mwingine.

"Ukiiondoa ile njano," Onorina aliuliza mwishowe, "inakwenda wapi?"

"Inabaki kwenye pamba."

"Na pamba?"

"Inatupwa."

"Basi unamtupa mama yangu."

Tosca aliacha kutafuna.

"Mama yangu alibana jibini pale. Na mama yake, na mama wa mama yake. Hawana picha hao. Bibi yangu hata kaburi lake halijulikani, tetemeko lilivuruga. Alama yao waliyoiacha duniani ni ile njano, na wewe unasema itaingia kwenye kijiti cha pamba."

Tosca aliweka bakuli chini, akajifuta mdomo, akafikiri kwa muda. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, na hilo nalo Onorina alilipenda.

"Mama, nitakwambia kitu, usinikasirikie. Mafuta yale yameingia ndani ya chokaa. Yanakauka, yanakaza, yanavuta. Kila yanapovuta, rangi inabanduka pembezoni. Nisipoyaondoa yataanguka yenyewe, na hayataanguka peke yake. Yataanguka na mikono yake, na kifua, na joho. Watakaokuja baadaye watakuta macho mawili ukutani, basi." Alipangusa makombo magotini. "Mnambariki, sawa. Lakini pia mnamla. Kidogo kidogo."

Onorina alikusanya mabakuli.

Jua lilipoanza kuelemea mlima, na Tosca amekwenda kutembea, Onorina alichukua ufunguo akaingia peke yake. Kitasa kilifunguka kama siagi. Alipanda jukwaa, akawasha tochi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote hakuitazama jibini. Alitazama mikono.

Mama yake alikuwa akimnyanyua pale alipokuwa mdogo, akimfundisha kuhesabu kwa vidole vya mtakatifu. Kidole gumba, cha shahada, cha kati. Walikuwa wakianza na gumba. Onorina alipitisha mwanga mkono wa kushoto: gumba halikuwepo. Mahali pake palikuwa na chokaa tupu, kijivu, kama ukurasa uliochanwa. Cha shahada kilikuwa nusu. Vilikuwa vimeondoka lini? Watu walikuwa wakiingia humu kila mwaka, na yeye kila siku ya Mungu, akimulika tochi, akisema jibini, jibini. Hakuna aliyeona gumba likiondoka.

Alikaa juu ya jukwaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Asubuhi alimkuta Tosca mlangoni tayari. "Kitasa kimepona," Onorina alisema, akimpa ufunguo.

"Kumbe. Vitasa vya milimani vina afya nzuri."

"Ingia ufanye kazi, usinichokoze."

Tosca alifanya kazi, na kila siku pamba za njano zilijaa kwenye ndoo. Onorina hakwenda kuangalia. Alimwambia Quintino kwamba amempa ufunguo, na Quintino akamgeuzia mgongo palepale njiani, akaanza kuongea na mbwa wake. Tangu hapo alipita mbele ya dirisha lake kila siku akiwa na habari nyingi za kumweleza mbwa: kwamba kuna watu wameuza baba yao kwa bakuli la dengu, kwamba mwaka huu jibini yote itakwenda kwa mfanyabiashara wa bondeni, kwamba wewe mbwa ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Mbwa alisikiliza kwa heshima.

Sikukuu ikafika. Madirisha yakafunguka, mashuka yakaanikwa, moshi wa mishikaki ya kondoo ukapanda uwanjani. Nives alikuja na mume na watoto, akambusu mama yake huku na huku, akauliza, "Mjomba yuko wapi? Jana nimekwenda kununua jibini, banda limefungwa."

"Yupo."

"Wote wanauliza. Hakuna aliyeuziwa. Mama, kuna nini?"

"Vaa viatu vya maana," Onorina alisema. "Padre huyo anakuja."

Padre Sabatino alifika na kigari chake kidogo akiwa tayari amechelewa, kwa sababu ana vijiji vingine vinne na kila kimoja kina mtakatifu wake. Kengele ikalia. Watu wakakusanyika mlangoni mikono mitupu, wakitazamana. Onorina alifungua.

Walioingia mbele walisimama ghafla hata wa nyuma wakawagonga. Ukutani Mtakatifu Lupario alikuwa na joho jekundu kama pilipili. Hakuna aliyejua lilikuwa jekundu kiasi hicho! Nyuma yake kulikuwa na anga ya buluu, na chini ya miguu yake maji, mawimbi madogo meupe yaliyokuwa yamefichwa na masizi. Na kifuani alikuwa amekumbatia jiwe kubwa la kijivu lenye tundu jeusi katikati.

Ikasikika sauti ya Bibi Derna: "Yesu wangu, panya wameila mpaka katikati!"

Kicheko kikapasuka, hata Padre akakohoa kwenye mkono wa kanzu. Kicheko kilipokwisha kilikuja kitu kingine, minong'ono, na mwanamume mmoja aliyetoka Ubelgiji akasema kwa nguvu, "Tumeendesha usiku kucha kuja kuona jiwe?"

Onorina alisimama mbele ya picha. Alikuwa ameyapanga maneno tangu juzi, yote yakamkimbia, ikabidi aseme yaliyobaki.

"Haikuwa jibini," alisema. "Hata siku moja haikuwa. Alikufa na jiwe shingoni, maskini, na sisi tukaona jibini, kwa sababu tulikuwa na njaa na jibini ndiyo tuliyoijua. Njano tuliipaka sisi. Mababu zenu na mabibi zenu, kila aliyebana hapa. Wachoraji walikuwa ninyi. Nimewaambia uongo wageni miaka yote hii na sikujua. Sasa najua, basi nawaambia."

Watu wakageuka, kwa sababu mlangoni palikuwa na mtu. Quintino, ndani ya koti la harusi yake, lisilofungika tena tumboni, na begani jibini iliyofungwa kwa kitambaa cheupe. Alikuwa amekuja. Uso wake ulisema asitokee mtu wa kumwuliza kwa nini.

Alipita katikati ya watu, akafungua kitambaa, akatembea moja kwa moja kuelekea ukutani. Dada yake hakuondoka.

"Nipishe, dada."

"Sikupishi."

"Baba alibana hapa."

"Najua. Tazama mkono wake."

"Mkono wa nani?"

"Wa Lupario. Wa kushoto. Tazama gumba."

Quintino alitazama. Alitazama muda mrefu, akiwa ameishika jibini yake mbele kama usukani. Kanisa zima likanyoosha shingo.

"Liko wapi?"

"Tumelila. Baba, mama, mimi, wewe. Pamoja na jibini."

Mtu aliyemfahamu Quintino angeona kwamba hasira imemtoka na hajui aiweke wapi mikono. "Sawa," alisema kwa ukali. "Na hii niigusishe wapi? Hewani? Nimeamka kabla ya jogoo, nimevaa hili koti linaninyonga, niirudishe nyumbani haijagusa kitu?"

Hilo Onorina hakuwa amelifikiria. Alikuwa amefikiria kuzuia tu. Aligeuza kichwa kushoto, kulia. Kulia mwa picha, baada ya ukingo mwekundu ambapo mchoraji alimaliza kazi yake na kufuta brashi, ulikuwepo ukuta mtupu wa chokaa, mweupe, usio na kitu. Alimshika ndugu yake viganja vyote viwili, jibini ikiwa katikati, akamvuta.

"Hapa."

"Hapa hapana kitu."

"Ndiyo. Hatutamla mtu."

Watu wote, kama walioambizana, walimgeukia Tosca. Tosca alikuwa anatazama dari kwa makini sana. "Ukuta huo," alisema bila kushusha macho, "haumo katika kazi yangu."

Quintino alibana. Alisali Salamu Maria yake kwa haraka na kwa kunung'unika, kama kawaida, akaiondoa jibini. Pale ukutani palibaki alama ya unyevu, duara hafifu, lisilokamilika upande wa chini. Akaigeukia foleni. "Haya, mnangoja nini? Jibini ni hii moja tu. Pokezaneni. Na muishike vizuri, si mtoto wa jirani!"

Ikapita mkono kwa mkono. Nives akabana, watoto wake wakabana, yule wa Ubelgiji akabana mara mbili. Bibi Derna alilalamika kwamba wameweka juu mno na yeye amefupika, ikabidi anyanyuliwe na watu wawili, akafurahia kuliko alivyotaka ionekane. Padre Sabatino, ambaye alikuwa amechelewa kijiji kingine, naye alibana. Kisha wakatoka uwanjani, Quintino akaikata, na jibini ile moja ikabidi iwatoshe wote. Vipande vilikuwa vyembamba hata ungeona mnara kupitia kwavyo. Walikula na mkate mwingi.

"Maziwa yasipoganda mwaka huu," Quintino alimwambia dada yake huku akimpa kipande, na kilikuwa kikubwa kidogo kuliko vya wengine, "nitajua nani wa kumlaumu."

"Lete lawama zako. Nyumbani kwangu unapajua."

Maziwa yaliganda. Siku ya kuwapandisha kondoo malisho ya juu, Quintino aliwaacha wamejaa uwanjani wakinywa chemchemini, akaja mlangoni kwa Onorina, kofia mkononi, akaomba afunguliwe. Hakuna aliyewahi kumwona kanisani siku ya kazi. Aliingia, akasimama kidogo mbele ya ule mkono usio na gumba, akajipiga ishara ya msalaba. Halafu akasogea kulia, akaweka kidole gumba chake juu ya ile alama ya chokaani, akaisugua taratibu, akakinusa kidole, kama afanyavyo kila siku bandani mwake ili kujua iwapo jibini imeiva.

"Bado changa," alisema, akavaa kofia, akatoka kuwafuata kondoo.